FEDHA ILIYOFICHWA KATIKA NAMBA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Somo hili lilisomwa redioni, na sasa limepigwa chapa ili wewe na wenzako wa darasani mpate kulisoma polepole, mstari kwa mstari. Mkifika penye neno gumu, simameni, mwulizeni mwalimu wenu. Tena someni kwa sauti, maana mwisho wa somo yako maswali ya kuzungumza.

Somo letu la leo ni la historia. Lakini si historia ya vita peke yake, wala ya watawala peke yao. Ni historia ya fedha, na hasa ile fedha ambayo haing'ai wala hailii mezani ikitupwa, yaani fedha iliyo karatasi, au namba tu. Tunataka kujua jambo moja. Karatasi au namba ya namna hiyo ikiuzwa, kisha ikauzwa tena, mkono hata mkono, siku itakapoonekana ni tupu, hasara itamwangukia nani?

Swali hili si la watu wa mjini tu. Wewe uliye Madibira, katika bonde la Usangu, unajua jinsi maji ya Mto Ndembera yanavyoingia katika mashamba ya mpunga ya skimu yenu, karibu hekta 3,000. Unajua jasho la kupandikiza na la kuvuna. Fedha ya mpunga huja mara moja kwa msimu. Ikipotea, mwaka mzima umepotea. Na siku hizi liko tangazo linalopita katika simu, likiwaambia vijana kwamba wanaweza kupata faida ya upesi kwa kununua na kuuza kadi za zawadi za michezo ya kompyuta. Kabla kijana wako hajaitia fedha ya mpunga katika biashara hiyo, na tusikilize kwanza historia inasema nini.

1. Fedha yenye mwili

Zamani wazee wetu wa bara walifanya biashara kwa vitu. Waliuza na kununua kwa majembe ya chuma, kwa chumvi, kwa ushanga, na kwa nguo nyeupe iliyotoka Marekani, ndiyo maana ikaitwa merikani. Pwani walitumia reale ya fedha, iliyokuwa na sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780. Baadaye ikaja rupia. Mwaka 1904 serikali ya Wadachi iliigawanya rupia moja kuwa heller 100, na watu wakalitamka neno hilo kwa ulimi wao, hela. Hata leo tunasema, "Sina hela," wala hatukumbuki kwamba tunataja sarafu ya Wadachi.

Angalia sifa moja ya vitu hivi vyote. Jembe likikataliwa sokoni, utalimia. Merikani ikikataliwa, utashona shuka. Reale ikikataliwa, bado ni madini ya fedha, mfua vito ataiyeyusha. Fedha hizi zilikuwa na mwili. Anayekupa amekupa kitu.

2. Karatasi za vita

Mwaka 1914 vita kuu ilianza. Manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na noti mpya hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Lakini vita inataka fedha. Askari wanataka mshahara, na chakula kinataka kulipiwa. Basi kuanzia mwaka 1915 Wadachi walipiga chapa noti za muda hapa hapa nchini. Karatasi ilipokuwa haba, walitumia karatasi yoyote iliyopatikana. Kufika mwaka 1917, noti nyingine zilipigwa kwa mihuri ya mpira tu.

Noti ile ilikuwa ni nini? Ilikuwa ni ahadi. Ilimwambia aliyeishika kwamba benki itamlipa. Wakati Wadachi walipokuwa wakitawala, ahadi ilikuwa na mwenyewe. Lakini Agosti 1916 Waingereza waliingia Iringa, na Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora. Mwenye ahadi akawa amekimbia. Yule aliyekuwa na noti zile sandukuni mwake alibaki na karatasi.

Tabora, mwaka 1916, Wadachi walitengeneza pia sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, katika karakana ya reli. Mtu aliyebaki na sarafu ile alibaki na dhahabu. Mtu aliyebaki na noti ya muda alibaki na ahadi ya mtu asiyekuwapo. Serikali ilikuwa moja, vita ilikuwa moja, na mwaka ulikuwa mmoja, lakini mwisho wa watu hao wawili haukuwa mmoja.

Tunapata hapa fundisho la kwanza. Karatasi ya ahadi ina nguvu ya mtu aliyeahidi, na si zaidi. Ahadi ikivunjika, hasara haimwendei aliyeipokea kwanza akaipitisha kwa mwingine. Inamwendea yule wa mwisho aliyekutwa nayo mkononi.

Baada ya vita tuliletewa shilingi ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango, tukapata shilingi yetu wenyewe. Noti hizi pia ni ahadi, lakini mwenye ahadi yupo, na sheria ya nchi inamlazimisha kila mtu kuzikubali. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

3. Vocha ya mbolea

Sasa tuje karibu. Pengine unakumbuka vocha za pembejeo. Kuanzia msimu wa 2008/2009 mpaka msimu wa 2013/2014, serikali ilitoa vocha za ruzuku kwa wakulima wadogo wa mahindi na mpunga, kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia. Mikoa ya Mbeya na Iringa ilikuwa miongoni mwa iliyopewa. Mkulima alipata vocha za eka moja: mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, na mbegu. Serikali ililipa karibu nusu ya bei, na mkulima alitoa nusu iliyobaki. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyochagua majina. Mkulima alikwenda kwa wakala na vocha yake na fedha yake, akapewa mfuko, akatia sahihi au dole gumba. Wakala aliipeleka vocha ile benki, akalipwa ile nusu ya serikali.

Mpango ulikuwa mzuri, na wakulima wengi walivuna zaidi. Lakini palikuwa na tundu. Mkulima maskini hakuwa na ile nusu yake. Vocha anayo, fedha ya kuongeza hana. Ndipo wakala asiye mwaminifu alipomjia na maneno matamu: "Wewe huna fedha. Niuzie hiyo karatasi. Weka dole hapa."

Tufanye hesabu. Hii ni hesabu ya mfano tu. Tuseme mfuko wa mbolea ni shilingi 60,000. Vocha ni ya shilingi 30,000. Wakala anampa mkulima shilingi 5,000, mkulima anaweka dole. Wakala anakwenda benki, anapokea shilingi 30,000, na mfuko wa mbolea bado uko dukani mwake. Amepata faida ya shilingi 25,000 bila kuinua gunia. Mkulima amepata shilingi 5,000, na shamba lake halikupata mbolea. Tena katika vitabu vya serikali imeandikwa kwamba mkulima huyu amepokea mfuko, na dole lake ndilo shahidi.

Mambo ya namna hii yaliandikwa katika magazeti na katika taarifa za ukaguzi za miaka ile: vocha zilizouzwa, sahihi za kughushi, na majina ya watu wasiojulikana kijijini. Fundisho la pili ni hili. Mtu akikubali kununua kwako karatasi ambayo wewe huwezi kuitumia, yeye ameona thamani ambayo wewe hukuiona. Usiweke dole wala sahihi kabla hujasoma, au kabla hujasomewa na mtu unayemwamini. Ndiyo maana unakuja darasani.

Na mambo hayakukoma pale. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, katika viwanja vya John Mwakangale mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea ya namna mpya. Safari hii hapakuwa na karatasi. Mkulima aliandikishwa, akapewa namba yake. Karatasi imekuwa namba. Lakini maneno matamu ni yale yale: "Nipe namba yako, mimi nitakununulia." Ukitoa namba, umetoa mbolea.

4. Namba ya kukwangua

Namba ilianzaje kuwa fedha? Hapa simu za mkononi ndizo zilizotufundisha. Zilipoanza kuenea, tulinunua vocha dukani. Ulikwangua kwa kucha au kwa sarafu, ukaona namba, ukaiingiza katika simu, ukapata muda wa kuongea. Kisha wananchi wenyewe wakagundua jambo kubwa. Huko Uganda, kijana aliyeko mjini akitaka kumpelekea mama yake fedha, alinunua vocha, akampigia mwenye simu wa kijijini, akamsomea namba. Mwenye simu aliiingiza namba ile kwake, akampa mama fedha taslimu, akakata kidogo kwa taabu yake. Fedha imesafiri bila basi wala bahasha. Kuona mambo kama hayo ndiko kulikowatia watu moyo wa kuanzisha huduma za fedha za simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008.

Lakini angalia tofauti ya namba na gunia. Ukiniuzia gunia la mpunga, gunia limetoka kwako limekuja kwangu. Wewe huna tena. Ukiniuzia namba, mimi ninayo, na wewe bado unayo, maana umeiona na unaweza kuikumbuka. Unaweza kuiuza kwangu asubuhi, kwa jirani adhuhuri, na jioni ukaitumia mwenyewe. Anayewahi kuiingiza ndiye aliyepata. Wengine wote wameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia likifunguliwa hamna hata mbuzi.

5. Kadi za zawadi za michezo

Sasa tumefika katika biashara yenyewe. Kadi ya zawadi ni namba inayouzwa na kampuni. Ziko za Google Play, za PlayStation, za Steam, za Roblox, na nyingine. Mtu anainunua, anaiingiza katika akaunti yake kwa intaneti, na thamani yake inaingia humo. Kwa thamani hiyo ananunua michezo ya kompyuta, au mavazi na silaha za kuchezea. Kufika hapo hapana ubaya. Anayenunua kwa kampuni yenyewe au kwa duka lililoruhusiwa, akaitumia mwenyewe, amenunua bidhaa kama bidhaa nyingine.

Hatari inaanza pale mtu anapoinunua namba kwa mtu asiyemjua, kwa bei ya chini, ili aiuze tena. Katika nchi nyingi, na hasa Nigeria, biashara hii ni kubwa. Tuzitazame hatari zake moja moja.

Hatari ya kwanza ni namba iliyokwisha kutumika. Hii tumeieleza. Huwezi kuijua kwa kuitazama. Namba nzima na namba iliyokufa sura zao ni moja.

Hatari ya pili ni namba iliyonunuliwa kwa wizi. Mwizi ameiba habari za kadi ya benki ya mtu, akanunua namba nyingi za michezo, akaziuza upesi kwa bei ya chini. Baada ya siku chache mwenye kadi ya benki analalamika. Benki inamrudishia fedha yake na kumnyang'anya aliyeuza. Kampuni inaifuta namba. Yule uliyemwuzia wewe anakuta akaunti yake imefungwa, naye anakutafuta wewe, si mwizi. Mwaka 2020 soko la intaneti liitwalo G2A lilikubali kwamba namba 198 za mchezo mmoja, uitwao Factorio, zilizokuwa zimepatikana kwa wizi, ziliuzwa sokoni kwake. Likailipa kampuni ya Wube iliyotengeneza mchezo huo dola 39,600. Gawanya ubaoni: 39,600 kwa 198. Utapata dola 200 kwa kila namba, kwa sababu soko lile lilikuwa limeahidi kulipa hasara mara kumi. G2A ni soko kubwa, liliweza kulipa. Wewe ukidaiwa, utauza nini?

Hatari ya tatu ni namba ya machozi. Huko Marekani, matapeli huwapigia simu wazee. Humwambia mzee kwamba anadaiwa kodi, au kwamba mjukuu wake amekamatwa. Kisha humwamuru aende dukani anunue kadi za zawadi na kuwasomea namba. Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani iliandika kwamba mwaka 2023 pekee wananchi walieleza kupotelewa na zaidi ya dola milioni 200 kwa njia ya kadi hizi. Sasa fikiri. Tapeli aliyepata namba mia hataki michezo, anataka fedha. Lazima aziuze. Anamwuzia nani? Anamwuzia mlanguzi mdogo anayependa bei ya chini. Basi bei ile ya chini ina sababu. Mlanguzi anamnawisha tapeli mikono, na uchafu unabaki katika beseni lake.

Hatari ya nne ni mipaka na masharti. Kadi nyingi zina nchi yake. Kadi iliyotolewa kwa akaunti ya Marekani inaweza kukataa katika akaunti ya nchi nyingine. Tena kampuni nyingi zimeandika katika masharti yao kwamba kadi isiuzwe tena. Ukienda kulalamika, utaulizwa kwanza uliinunua wapi. Kumbuka tulivyosema juu ya noti ya Benki Kuu: sheria inamlazimisha kila mtu kuikubali. Namba ya mchezo haina sheria hiyo. Aliyeahidi ni kampuni, naye alimwahidi mnunuzi wake tu, hakukuahidi wewe.

Hatari ya tano ni mnunuzi mwenyewe. Anakutumia ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kupokea fedha katika simu. Wewe unampa namba, kisha unatazama salio, hamna kitu. Gunia ungelikimbilia barabarani. Namba iliyokwisha somwa huikimbilii.

6. Hesabu ya faida

Vijana watasema, "Lakini faida ipo." Haya, tupige hesabu ya mfano. Unanunua kadi kwa shilingi 18,000, unaiuza kwa shilingi 20,000. Faida ni shilingi 2,000. Umeuza kadi kumi. Tisa nzima, moja imekufa. Zile tisa zimekupa faida ya shilingi 18,000. Ile moja umemrudishia mnunuzi shilingi 20,000 zake, na zile shilingi 18,000 ulizoinunulia zimekwenda kabisa. Toa 18,000 katika 18,000. Imebaki sifuri. Umefanya kazi bure. Zikifa mbili katika kumi, unakula mtaji. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mwenye kupiga hesabu kabla ya kuanza ataliona shimo kabla ya kutumbukia.

7. Sheria na tahadhari

Tena iko sheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayoadhibu udanganyifu wa kompyuta na simu. Na tangu zamani Kanuni ya Adhabu inamwadhibu mtu anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba ni ya wizi. Bei ya chini kupita kiasi yaweza kuwa sababu ya kutosha ya kukufanya uulize. Anayefumba macho hawezi kusema kwamba palikuwa na giza.

Basi mweleze kijana wako mambo haya. Asinunue namba kwa mtu asiyemjua. Asimsomee mtu namba yoyote, wala namba ya siri, kwa sababu ya haraka. Akiuza kitu chochote, atazame salio lake mwenyewe, asiamini ujumbe. Asimkopeshe mtu laini yake ya simu iliyoandikishwa kwa jina lake. Akipata ujumbe wa kitapeli, kama ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", aipeleke namba ya tapeli kwa 15040, nayo itafika kwa wanaohusika. Na akiwa amekwisha ibiwa, asione haya, aende polisi upesi na ujumbe wote, asiufute.

Ndugu msomaji, ushanga, noti za 1915, vocha ya mbolea, vocha ya kukwangua, na kadi ya michezo vimetoka mbali na vina sura mbalimbali. Lakini swali la kuviuliza ni lile lile: Nani ameahidi? Amemwahidi nani? Na ahadi ikivunjika, nitamshika nani? Ukikosa jibu la mojawapo, rudisha fedha yako mfukoni. Mpunga wako una mwili. Usiubadilishe kwa hewa.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mtu aliyebaki na sarafu ya dhahabu ya Tabora hakupata hasara sawa na mtu aliyebaki na noti ya muda?
2. Je, katika kijiji chenu palikuwa na watu waliouza vocha za mbolea? Ni shida gani iliyowafanya wauze, na kijiji kingewasaidiaje?
3. Kadi inanunuliwa shilingi 27,000 na kuuzwa shilingi 30,000. Ukirudisha fedha ya kadi moja iliyokufa, inakupasa uuze kadi nzima ngapi ili ufidie hasara?
4. Kila mwanafunzi aandike katika daftari lake sentensi tatu za kumsomea kijana wa nyumbani kwake jioni ya leo.